Kuvua sangara maji yakiwa tope au giza: mpitie ubavuni, achana na rangi

Maji yakishakuwa kahawia baada ya mvua, au giza likishaingia, watu wengi wanaovua kwa fimbo huku Ziwa Victoria wanafanya moja kati ya mawili, ama wanafungasha waende nyumbani ama wanaanza kubadilisha rangi za chambo cha bandia, nyekundu imekataa weka njano, njano imekataa weka ile inayong'aa, mpaka boksi zima linaisha na hakuna kitu. Mimi nasema hapo kwenye rangi mnapoteza muda. Sangara ana njia nyingine ya kujua msosi uko wapi hata kama haoni kitu, anahisi maji yanavyosukumwa na kile kinachoogelea karibu yake, na hiyo kazi inafanywa na ubavu wake na kichwa chake. Ukielewa hiyo kitu inavyofanya kazi utabadilisha namna unavyorusha, spidi unayovuta, na hata kelele za kwenye boti. Ngoja tuende taratibu.

Anza kwa kuuona huo mstari kwa macho yako

Ukipita mwaloni (pale samaki wanaposhushwa) asubuhi, Kirumba hapa Mwanza au mwalo wowote ule, shika sangara mmoja mwenye mwili, mpanguse ute, alafu mwangalie kwa pembeni. Kuna mstari mwembamba unaanzia juu nyuma ya mfuniko wa matamvua unaenda na mwili mpaka mkiani, na kwa sangara hauishii kwenye shina la mkia kama kwa samaki wengi, unaendelea mpaka kwenye pezi lenyewe la mkia. Magamba ya kwenye huo mstari yana vitobo vidogo sana. Sasa mwangalie sato, yeye mstari wake umekatika vipande viwili, kimoja kiko juu upande wa mbele, kingine kiko chini kidogo kuelekea mkiani. Watu wa pwani mwangalieni kolekole, kwa nyuma mstari wake umepandwa magamba magumu yanayokwaruza mkono ukimsafisha vibaya. Na dagaa wa Kigoma mwilini hana mstari kabisa, mifereji yake yote iko kichwani (dagaa wa Mwanza ni ukoo mwingine, msiwachanganye).

Vile vitobo ni milango ya mfereji uliojaa maji unaopita chini ya magamba. Ndani ya mfereji kuna vishada vya seli zenye vijinywele, kila kishada kimevikwa kofia ya ute mzito, maji yakisukuma ile kofia vijinywele vinainama na mshipa wa fahamu unapeleka taarifa kwenye ubongo. Hizo seli ni za aina ile ile iliyoko ndani ya sikio lako, ndo maana wataalamu wanaziweka fungu moja na masikio. Vishada vingine haviko mferejini, viko wazi juu ya ngozi. Vile vya wazi vinapima maji yanakwenda kwa kasi gani, vya mferejini vinashtuka pale kasi inapobadilika. Shika hiyo tofauti, itakuja kutusaidia tukifika kwenye mawimbi.

Kwa mtu ambaye hajawahi kufikiria hii kitu, ni kama unavyosimama kando ya barabara usiku basi likapita, hujaliona vizuri lakini upepo wake umekupiga na umejua limepita upande gani, limeenda wapi na lilikuwa kubwa au dogo.

Na usifikiri ni nadharia tu. Kule Ziwa Nyasa kuna jamii ya samaki wanaoitwa Aulonocara, watu wa matangi ya nyumbani wanawapenda sana kwa rangi, wale mifereji yao ya kichwani imepanuka kuliko kawaida. Wanaelea sentimita chache juu ya mchanga, kichwa kimeinama, wametulia kabisa, wanasikilizia kijidudu kilichojifukia kikijitikisa, kikitikisika tu wanatumbukiza mdomo. Watafiti waliwazimia taa wakaendelea kula. Wakaweka dawa ya kobalti ambayo inazima ule mstari kwa muda, gizani wakashindwa kabisa kukipata chakula. Kwahiyo kilichokuwa kinawalisha gizani ni ule mstari, pua haikutosha.

Umbali ndo kila kitu

Hapa ndo watu wengi wanapofeli kwahiyo nitakaa kidogo. Kitu kinachotikisika ndani ya maji, mfano mkia wa furu (wale samaki wadogo wa ziwani), kinasukuma maji yaliyo jirani yake, lakini huo msukumo unakufa haraka mno. Kwa hesabu za wanafizikia unapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, yani ukiongeza umbali mara mbili nguvu inashuka mara 8, ukiongeza mara tatu inashuka mara 27. Ndo maana kwa samaki wengi huu mstari unafanya kazi ndani ya urefu wa mwili wao mmoja au miwili tu. Sangara wa sentimita 60 mpe mita moja, labda na kidogo. Chambo chako kikipita mita tatu kutoka alipo, kwenye maji ya tope, kwake ni sawa na hukurusha.

Kuna habari njema kidogo lakini. Samaki akiogelea anaacha nyuma yake njia ya maji yaliyovurugika, vimzunguko vidogo vidogo ambavyo havipotei hapo hapo. Ujerumani walipima njia ya samaki wa dhahabu wa sentimita 10 kwenye maji yaliyotulia kabisa, wakakuta dakika 3 baadaye maji bado hayajatulia kama mwanzo. Alafu mwaka 2001 yakatoka majaribio ya kambale mkubwa wa Ulaya, waliwekwa gizani totoro pamoja na samaki wadogo aina ya gapi, na kamera za kuona gizani zikaonyesha kambale anaifuata njia aliyopita yule mdogo, kona kwa kona, hata njia yenye umri wa sekunde 10, kwa umbali unaofika urefu wa mwili wa yule mdogo mara 55. Baadaye wakarudia huku wameuzima ule mstari, kambale wakawa hawapati kitu vizuri kama mwanzo.

Kwahiyo una nafasi mbili. Ama chambo kipite ndani ya mita moja ya samaki, ama kiache njia ambayo samaki akiikata ataifuata. Nafasi zote mbili zinataka kitu kimoja, mwendo wa taratibu, ulionyooka, usio na vurugu.

Kuchagua chambo

Kama unatumia chambo hai huna kesi kubwa, kinajitikisa chenyewe. Ndo maana wenzetu wa migonzo (kamba ndefu zenye ndoana nyingi) wanapenda sana kambale wadogo, mpaka kuna watu wanafuga vifaranga vya kambale kazi yake ni kuuzwa chambo tu. Kambale ni mgumu, anaweza kuvuta hewa ya juu, anavumilia kukaa kwenye ndoo na akiwekwa kwenye ndoana anaendelea kujipinda muda mrefu, na kila anapojipinda anasukuma maji. Furu mzuri pia ila anachoka mapema. Ukimweka kwenye ndoana pitisha kwenye nyama ya mgongo chini kidogo ya pezi, usiguse uti, ukigusa uti anapooza na umebaki na nyama inayoning'inia. Chubwi iwe ndogo, ya kutosha kumshusha tu, ukiweka zito unamfunga asicheze.

Kwa chambo cha bandia angalia kinachosukuma maji, sio kinachopendeza dukani. Kile chenye mdomo wa plastiki mbele kinachoyumba kushoto kulia, kile cha mpira chenye mkia bapa unaopiga, na kile chenye kisahani kinachozunguka, hivyo vyote vinafanya kazi. Vile vyenye gololi ndani vinavyopiga njuga, hiyo kelele inakwenda zaidi masikioni kuliko ubavuni, kwasababu ubavu unashika mitikisiko ya chini, kuanzia ya polepole kabisa mpaka mia na ushee kwa sekunde hivi. Kule Mexico kuna samaki vipofu wa mapangoni ambao ukiwawekea kijiti kinachotetema gizani wanakijia wenyewe, na kinachowavuta zaidi ni mitetemo kama 35 kwa sekunde. Sangara sio kipofu na sijasema namba yake ni hiyo, ninachosema mtikisiko mzito wa chini una kazi kuliko kelele kali. Njuga sio mbaya, inaweza kumwita kutoka mbali, ila ya kumalizia kazi ni ule mwendo wa mkia.

Rangi sasa. Miaka ya 90 watafiti walifanya kazi hapa hapa upande wetu wa ziwa kuhusu furu, matokeo yakatoka 1997, wakaonyesha kwamba maji yalivyozidi kuwa machafu majike ya furu yanashindwa kutofautisha rangi za madume na aina zinaanza kuchanganyika. Yani furu mwenyewe anashindwa kumjua mchumba wake kwa rangi, alafu wewe unanunua chambo cha rangi sita kwa ajili ya tope! Chukua kimoja cheusi au cha giza na kimoja cheupe, imetosha, hela nyingine nunua mshipi mzuri. Kwa haki niseme sangara ana macho mazuri kwenye mwanga hafifu, ukimmulika na tochi usiku yanang'aa, kwahiyo maji yakiwa masafi na kuna mbalamwezi macho yanafanya kazi na umbo la chambo lina maana. Mimi naongelea mto Simiyu ukishamwaga matope yake kwenye ghuba ya Speke, au ukijani wa mwani uliokolea, au usiku wa giza nene.

Kurusha na kuvuta

Kabla hujarusha mbali, shusha chambo hapo ubavuni mwa boti ukivute taratibu huku unakiangalia. Kuna spidi ambayo kikiwa chini yake kinateleza tu kama mti, ukiongeza kidogo kinaanza kucheza. Hiyo spidi kinapoanza kucheza ndo ya kwako, ongeza kidogo sana juu ya hapo basi. Shika fimbo uisikilize, ncha itatetema kwa mpigo ule ule, hiyo tetema ndo utakayoitumia gizani ambapo hukioni tena chambo. Ikikatika ujue umenasa jani au magugu, vuta usafishe, usiendelee kupoteza muda na chambo kilichovaa gugu maji.

Mchana maji yakiwa safi watu wanarusha wametawanya, moja kulia, moja katikati, moja kushoto, wanaenda mbele. Kwenye tope usifanye hivyo. Kumbuka mita moja. Chagua jiwe moja au ukingo wa magugu ambao unaamini kuna samaki, rusha, vuta, alafu rusha tena nusu mita au mita pembeni ya pale, na tena, kama mtu anayefyeka hasahau sehemu. Mwanza tumebarikiwa mawe, sangara anakaa kwenye kivuli cha mwamba anavizia, kwahiyo chambo kipite kikilisugua jiwe kabisa. Utapoteza vichache, ndo gharama yake. Sehemu ambayo unaiamini ipitie zaidi ya mara moja kwa mstari ule ule, kwasababu ya ile habari ya njia, samaki akihisi maji yamevurugwa na kitu cha saizi ya mlo anaweza kugeuka akasogea, safari inayofuata inamkuta tayari ameamka.

Kina ndo sumu kubwa kuliko zote. Umepita juu yake mita mbili, hujampita. Kwahiyo kikitua majini hesabu, moja mbili tatu, mpaka mshipi ulegee ujue kimegusa chini, alafu mara inayofuata anza kuvuta kabla ya hapo kidogo. Ukipata samaki kwenye hesabu ya nane, baki na nane, acha kujaribu jaribu.

Kuvuta kwenyewe, vuta kwa mpigo mmoja mizunguko kadhaa ya rili, simama sekunde moja, endelea. Kusimama kuna sababu. Samaki akiwa anaogelea mwenyewe anasukuma maji na kuuchafulia mstari wake mwenyewe, ubongo unapunguza sauti ya ule mstari ili asijisikilize mwenyewe. Akitulia anasikia vizuri. Kile kituo chako kinampa anayefuata nafasi ya kuteleza bila kupiga mkia, alafu chambo kikianza tena kucheza mbele yake anakipata wazi. Ila usisimame muda mrefu, chambo kilichosimama gizani hakipo. Na wale wa kushtua shtua fimbo kama wanapigana na nyoka, kwenye maji safi sawa inamvutia anayeona, kwenye tope unamfanya akose. Anaanza kusogea, kitu kimeruka mita mbili mbele, amekipoteza.

Akigonga usikurupuke kuvuta kwa nguvu, subiri usikie uzito. Gizani mara nyingine anakosea kidogo, anagusa tu mkia. Endelea kuvuta kwa spidi ile ile, mara nyingi anarudi.

Mawimbi na mkondo

Sasa tunarudi kwenye vile vishada vya aina mbili. Maji yakiwa na mkondo, vile vya juu ya ngozi vinapigwa na maji muda wote, vinazidiwa, kazi inayobaki navyo ni kumwambia samaki mkondo unatoka wapi ili aelekeze kichwa huko. Vya mferejini vimekingwa, mkondo wa kasi moja hauvisumbui, vinaendelea kushika mtikisiko wa mkia wa mawindo. Kwahiyo mkondo uliotulia haumalizi mchezo, kinachomaliza mchezo ni vurugu, pale mawimbi yanapopiga mwamba na kurudi maji yanazunguka kila upande, hapo hata chambo chako kikitikisika kinazama kwenye kelele.

Ukikuta hali hiyo nenda upande wa pili wa mwamba, kwenye kivuli cha upepo, mahali ambapo maji yanateleza laini. Na mahali penye mkondo, mfano mdomo wa mto, samaki ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, kwahiyo rusha juu ya mkondo chambo kishuke kumfuata, kifike upande wa kichwa ambako mifereji imejaa. Ukilazimika kuvua penye vurugu, weka chambo kikubwa chenye mkia mpana, kitoe msukumo mzito, na punguza spidi.

Boti

Stori pigeni tu. Sauti ya mtu ikitoka hewani kwenda majini karibu yote inarudishwa na uso wa maji, kinachoingia ni kidogo sana. Kinachowaharibia ni ndoo kugongwa kwenye mbao, kasia kupiga ubavu wa mtumbwi, nanga kutupwa. Hizo zinaingia majini moja kwa moja. Zima injini mapema, ingieni kwa kasia, nanga ishushwe kwa mkono mpaka chini. Weka gunia au kipande cha godoro pale mnapoweka miguu.

Usiku vaeni jaketi okozi, sijali unajua kuogelea kiasi gani. Usisimame kwenye maji ya ukingoni kurusha, kuna mamba, kuna viboko na kuna kichocho, hakuna sangara wa thamani hiyo. Uwe na leseni, na sangara wa chini ya sentimita 50 mrudishe, ukimtoa ndoana lowesha mkono kwanza usimkwangue ute na magamba kwa kitambaa kikavu.

Kwa wasioamini, jaribu nyumbani

Unahitaji tangi au beseni pana, kambale mdogo au samaki yeyote anayewinda ambaye ameshazoea mazingira, waya mwembamba na kipunje kidogo cha plastiki kisicho na harufu kwenye ncha. Kwanza hakikisha tangi halijawekwa dawa karibuni, maana antibayotiki za jamii ya streptomaisini na jentamaisini zinaua zile seli za vijinywele, kwa samaki huota tena lakini kwa muda huo jaribio lako halitaonyesha kitu, na wafugaji mnaoweka dawa kiholela muwe mnajua kwamba mnawazima samaki wenu ubavu.

Mnyime chakula siku moja, zima taa, zima pampu ya hewa, subiri maji yatulie. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu hafifu kuangalia. Shusha waya taratibu, uache umesimama karibu na ubavu wake, bila kumgusa. Mara nyingi hatafanya kitu. Alafu utetemeshe kwa vidole, kidogo kidogo, mpigo mmoja. Angalia kichwa, kitageuka upande wa kipunje, wengine wanauma kabisa. Rudia ukiwa mbali zaidi, urefu wa mwili wake mmoja, kisha miwili, kisha minne, uone inaishia wapi. Jaribu na pampu ikiwa inafanya kazi uone tofauti. Ukimaliza washa taa umpe chakula chake, wakiuma waya usiku kucha bila kupata kitu wanazoea na jirani akija kuonyeshwa hakuna atakachoona.